Nyota Iliyokuwa Ikibembeleza

Jirani yangu amejifungua, na nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ambao fundi aliujenga kwa haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Kila ikifika alasiri mtoto huanza. Analia mpaka sauti inakwaruza, anapumzika kidogo, nadhani anameza mate, kisha anaendelea palepale alipoachia. Halafu harufu ya ubani inapenya kwenye matundu ya hewa, maana mama mkwe wa huyo jirani ni mtu wa kuamini moshi, na mimi, mtu mzima mwenye miwani, naacha cherehani katikati ya mshono na kukaa mikono mapajani. Mteja akiuliza gauni lake limefika wapi, nasema limefika kiunoni. Ukweli ni kwamba gauni lipo; mimi ndiye sipo.

Nitangulize kusema kwamba mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Mpumudde, hapa Jinja, nimesoma Mpumudde mpaka sinia ya nne, yaani kidato cha nne, na bado naishi Mpumudde, katika nyumba ileile, ingawa nimehama chumba, nimevuka ukumbi. Watu wa rika langu wamekwenda Kampala, wamekwenda Dubai, wanarudi na masanduku yenye magurudumu. Mimi nina Jinja, na nina Mbale kidogo. Ndiyo maana hujishangaa kwamba jambo kubwa kuliko yote ya utoto wangu lilianzia mahali ambapo Dubai, ukiilinganisha napo, ni kama kwenda kuchota maji. Lilihusu nyota moja inayofanana na jua letu, sayari kubwa mno inayoizunguka, na mdogo wangu ambaye alikuwa hanyamazi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulikuwa watu wanne: Baba, fundi wa baiskeli, ambaye karakana yake ilikuwa ni kivuli cha ukuta wa mbele, Mama, Haboba, kwani sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake Baba, na mimi. Babu, mume wa Haboba, alikuwa ameshafariki. Alikuwa askari, na babu yake naye askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudani, na Haboba aliuzungumzia ukoo huo wa magwanda kama wengine wanavyozungumzia ukoo wa kifalme. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu Mama alikuwa Mgisu wa Nakaloke, kule Mbale, na Kigisu cha Baba kilikuwa salamu tu na neno moja la ndizi. Majirani zetu Wasoga walisema Kiswahili ni lugha ya kuamrishwa. Kwetu ilikuwa lugha ya kuulizana chumvi iko wapi.

Mtoto alipozaliwa, siku ya saba alichinjiwa mbuzi wawili na kupewa jina la babu: Fadhimula. Haboba alitembea siku nzima kifua mbele, kama mtu aliyepandishwa cheo. Mimi nilipewa kazi ya kushika sahani ya tende na nikaifanya vizuri, kwa maana ya kwamba tende zilikwisha kabla ya wageni.

Wiki ya tatu Fadhimula akaanza kulia. Si kilio cha kawaida cha mtoto mchanga, kile cha kudai haki yake na kulala. Huyu alianza alasiri, ukasikia adhana na yeye wakigombania hewa, na hakuacha mpaka isha. Haboba akafukiza ubani. Akachemsha shamari. Akamkanda tumbo kwa mafuta ya simsim. Akasema ni chango, akasema ni jicho, akasema ni majirani. Zamu ikamfikia Mama. Alimchukua, akasimama naye mlangoni, akaanza kumbembeleza: mwili unakwenda kulia, unarudi kushoto, kulia, kushoto, mpaka mimi niliyekuwa nimekaa tu nikasikia kizunguzungu.

Kuyumba kwenyewe hakukunishangaza. Mama alikuwa akiyumba tangu nilipomjua. Akingoja maji yachemke, mikono ameikunja kifuani, hana mtoto wala mzigo, utamwona anakwenda kulia, anarudi kushoto. Niliwahi kumuuliza Haboba sababu. "Ndivyo alivyo mama yako," akasema, kisha akanituma dukani kununua kiberiti, na kiberiti tulikuwa nacho.

Basi Jumamosi moja akaja Mjomba Zaidi, mdogo wake Mama. Alikuwa anasomea ualimu Mbale na amepanga chumba mtaa wa Nkoma, na kwa sababu hiyo alijiona mtu wa dunia. Mkononi alikuwa na maziwa kutoka kwa Kukhu, bibi yangu wa huko kwa kina Mama, na mfukoni mwa shati alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne.

"Kobe!" akaniita. Hilo ndilo jina alilonipa kwa kupenda kwangu kukaa nyumbani. "Bado uko ndani ya gamba?"

"Asalaam aleikum, mjomba."

"Waaleikum salaam. Nilidhani safari hii nitasikia umefika hata sokoni."

"Nilifika juzi."

"Ukarudi na nini?"

"Na Haboba. Alinibeba."

Alicheka mpaka maziwa yakataka kumwagika. Ndipo alasiri ikaingia na Fadhimula akaanza. Mjomba akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande, kama fundi anayesikiliza injini.

"Huyu analilia jina," akasema.

Haboba alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. "Jina analo."

"Analo, Haboba, sikatai. Lakini kwetu mtoto akilia hivi, na hana ugonjwa, wanasema kuna mmoja wa waliotangulia anadai jina lake. Unaita majina ya marehemu, moja moja. Ukimfikia mwenyewe, mtoto ananyamaza."

"Na ninyi si Waislamu?"

"Tunaswali, Haboba. Tukimaliza kuswali tunaita majina."

"Kwa hiyo marehemu wangu alikaa kwenye foleni akapitwa na marehemu wenu?"

"Si foleni..."

"Fadhimula hakupitwa hata na gari la jeshi," Haboba akasema, na ungo ukaanza tena, kwa nguvu kiasi kwamba mchele mwingine haukurudi.

Mama alikuwa mlangoni, anayumba. Hakuna aliyemuuliza chochote. Hilo naliona sasa. Wakati ule nami sikumuuliza.

Mjomba akaona hali ya hewa imebadilika, akanivuta barazani na kulifungua gazeti lake. "Nina habari inayowafaa watu wasiotoka nyumbani," akasema. "Huhitaji hata viatu." Akanisomea, anasoma Kiingereza anageuza Kiswahili, kidole kikitembea chini ya maneno. Kulikuwa na nyota, akasema, inafanana na jua letu, karibu umri, karibu ukubwa. Wanachuoni waliielekezea mitambo yao wakaona inayumba. Inakuja kidogo, inarudi kidogo, inakuja, inarudi. Wakajiuliza, nyota nzima, itayumba kwa sababu gani? Ndipo wakajua iko karibu na sayari kubwa ajabu, kubwa kama Mshtarii, ambayo jicho haliioni.

"Sasa wamejuaje, kama haionekani?"

"Kwa kuitazama nyota. Kisichoonekana unakijua kwa anayeyumba."

"Na inakaa wapi?"

"Hapohapo ubavuni! Ndilo lililowashangaza. Kubwa namna ile ilitakiwa ikae mbali, kama wakubwa wenzake. Hii imemng'ang'ania mama yake; mwaka wake mzima ni siku nne na kidogo." Akanitazama kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimeshika ncha ya leso ya Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Namjua mwingine wa aina hiyo," akasema.

"Jina lake nani?"

"Wewe."

"Sayari, mjomba!"

"Haa. Haina jina. Nyota ina namba, kama gari. Sayari wameipa namba ya nyota, wakaongeza herufi moja mkiani."

Ukimwambia mtoto wa miaka tisa mambo mawili siku moja, atayashona pamoja, na mshono wake hautafumuka kwa urahisi. Mimi nilielewa yote. Sayari ilikuwa haina jina. Ilikuwa inalia. Nyota ilikuwa mama yake, na ilikuwa inayumba kwa sababu inaibembeleza, na itaendelea kuyumba hivyo mpaka atokee mtu wa kuita jina sahihi. Nilishangaa gazeti zima limezunguka mbali vile kueleza jambo ambalo lilikuwa linatendeka mlangoni petu.

Nikampelekea Baba habari. Alikuwa amepindua baiskeli ya mtu wa mkaa, anaizungusha rimu ya nyuma.

"Baba, kuna nyota inayumba."

"Nani kasema?"

"Gazeti. Inambembeleza mtoto wake. Anataka jina."

Baba hakuwa mtu wa kubishana na magazeti. Akaendelea kuzungusha. "Unaona hili gurudumu linavyocheza?" akasema. "Fundi mjinga analipiga palepale linapocheza. Wewe zungusha polepole utafute spoku inayovuta. Huwa ni moja. Na siku zote siyo ile unayoitazama."

Mama alipotimiza siku arobaini, akaomba kwenda kwao Nakaloke apumzike siku tatu. Siku tatu zikawa wiki, wiki ikapata wenzake. Mjomba Zaidi akaja na ujumbe: mtoto bado analia, na Kukhu amesema hawatoki pale mpaka jina lipatikane. Haboba alilipokea hilo wima.

"Mwambie mama yako," akasema, "Fadhimula ametoka mlango huu na atarudi kwa mlango huu akiwa Fadhimula. Akiwa mwingine, apitie ukutani."

Basi nyumba ikawa na utulivu ambao sikuujua nifanyie nini. Baba alipika posho, ugali wetu wa mahindi, ikaungua, akapika tena ikaungua upande wa pili. Mimi nililala na leso ya Mama usoni mpaka ikaacha kunuka Mama, ikaanza kunuka mimi. Nilihesabu kwa namna yangu. Haboba hatalegea. Kukhu hatalegea. Kama kuna kulegea, kutatoka kwa marehemu, nao hawana haraka. Nikaona kwamba Mama anaweza kubaki huko, si kwa kupenda wala kwa kukataa, bali kwa sababu hakuna aliyepata neno la kumrudisha.

"Baba," nikasema asubuhi moja, "twende Nakaloke."

Akaniangalia kama gurudumu limesema. "Wewe?"

"Mimi."

"Utatapika."

"Nitatapika."

Safari siisimulii. Nilitimiza ahadi yangu.

Kule Nakaloke kulikuwa na shida ambayo Baba aliijua na mimi sikuijua. Kwa Wagisu, mkwe mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemezani; ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Baba alipewa kigoda nyuma ya nyumba, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure akaletewa baiskeli mbovu ya Mjomba. Kukhu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya soko, alikaa ndani kwenye mkeka. Mimi nikawa posta.

"Kobe," Kukhu akasema, kwani jina langu lilikuwa limeshanitangulia, "mwambie baba yako nimeshukuru ile sukari."

Nikazunguka nyumba. "Kukhu ameshukuru sukari."

"Nimesikia," Baba akasema. "Mwambie si kitu."

Nikazunguka. "Baba anasema..."

"Nimesikia. Sasa mwambie mtoto yake haina ubaya na Fadhimula. Lakini iko mwingine anagonga mlango."

Nikazunguka. "Mwambie," Baba akasema, "jina si shati, kwamba likibana linavuliwa."

Nikazunguka. Kukhu alinyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka. "Mwambie hapa Nakaloke majina ya namna hiyo, ya wanajeshi, yalishagonga kwetu. Na bunduki. Tulifungua, si kwa kupenda."

Hilo sikulielewa, lakini nililibeba kwa uangalifu, kama uji wa moto. Baba aliweka spana chini. "Mwambie najua," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Mwambie mtoto hajambebea mtu bunduki."

Mama nilimkuta amekonda. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, akanishika mashavu na kuniuliza nimekula nini, na nilipomwambia posho ya Baba alicheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyekopeshwa. Lakini mkononi mwake mtoto alikuwa ameshaanza kujinyonganyonga, na jua lilikuwa linageuka.

Baada ya swala ya alasiri wakaanza. Kukhu alinyoosha miguu akamlaza mtoto mapajani. Mama wadogo wawili, dada zake Mama, wakakaa ubavuni. Mjomba Zaidi akaegemea dirisha. Mama akabaki wima karibu na mlango. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea Baba matokeo, ingawa kupitia ukuta ule mtu angeweza kusikia hata sisimizi akipiga chafya.

"Wandeba!" Kukhu akaita.

Mtoto akalia.

Nikakimbia. "Wandeba, analia."

"Asante."

"Masaba!" Akalia. "Nandala!" Akalia. "Magombe!"

"Aa, Magombe hapana," mama mdogo mmoja akasema. "Huyo si alikuwa mulevi?"

"Mwite tu," mwenzake akasema, "hata mulevi iko na haki yake."

"Nimeshamwita. Hamuoni anazidisha?"

"Ni pombe hiyo."

"Nyamazeni, bambi, jamani, mnachanganya marehemu," Kukhu akawaambia, na akaendelea. Waliitwa wakulima, mashehe, mchuuzi mmoja wa kahawa, na mzee ambaye sifa yake pekee ilikuwa kuanguka kutoka kwenye paa. Wakaitwa hata wanawake, kwa tahadhari. Mtoto akawalilia wote sawasawa, hakupendelea mtu. Mimi nilizunguka ile nyumba mpaka kuku wakazoea. Majina yakaisha, wakarudia kutoka mwanzo, na yakaisha tena.

Ndipo, nikiwa nimesimama katikati nahema, nikamtazama Mama. Mtoto alikuwa mapajani kwa Kukhu, hatua tano mbele yake, anaonekana na anasikika mpaka barabarani. Mama mikono yake ilikuwa mitupu. Ameikunja kifuani. Na alikuwa anayumba: anakwenda kulia, anarudi kushoto.

Akili yangu ya miaka tisa ilifanya kile ilichofundishwa. Nyota inayumba, basi kipo kisichoonekana, na kipo karibu sana. Nikaenda kuangalia nyuma ya mlango. Kulikuwa na ufagio. Nikamrudia Mama, nikamshika leso.

"Mama, unambembeleza nani?"

Akasimama. Kwa mara ya kwanza nikamwona amesimama sawasawa, na nikaogopa, maana nilidhani nimevunja kitu.

"Hamisi," akasema.

Mama mdogo mmoja akashika mdomo. Kukhu hakuinua uso. "Huyo haitwi, mwanangu," akasema polepole. "Unajua. Alikuwa mudogo sana. Wanaitwa walioishi."

"Najua haitwi. Miaka kumi na moja najua haitwi. Nimeulizwa, nimejibu."

"Hamisi ni nani?" nikauliza.

"Ni kaka yako," Kukhu akasema. "Kabla yako wewe."

Nikapata habari mbili kwa pamoja: kwamba nilikuwa na kaka, na kwamba mimi, ambaye miaka yote tisa nilijivuna kuwa kifungua mimba, nilikuwa nimekalia kiti cha mtu. Sikujua nianze na ipi. Nikauliza jambo ambalo mtoto huuliza.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hakuwa na miaka," Mama akasema. "Siku arobaini na tisa."

Hesabu lilikuwa ndilo somo langu pekee. Niliifanya hapohapo, kwa vidole na kwa sauti, sikuwa na nia ya kumfundisha mtu. Nne kwenye arobaini na tisa, kumi na mbili na moja inabaki. Ukiondoa ile "na kidogo" ya Mjomba, kumi na moja.

"Basi alikuwa na miaka kumi na moja," nikasema.

Wote wakanigeukia. Hata mtoto, naapa, alivuta pumzi.

"Kwa kule kwenye sayari kubwa," nikawaeleza, naona haya. "Mwaka wake ni siku nne na kidogo. Kwa kule Hamisi alinizidi."

"Sayari gani?" Kukhu akauliza.

"Ile isiyo na jina. Ya Mjomba."

Kukhu akamgeukia mwanawe dirishani. Mjomba Zaidi, ambaye sijawahi kumwona akikosa mzaha kabla wala baada ya siku ile, alikuwa anatazama sakafu. "Hesabu yake ni sahihi, Mama," akasema.

Kukhu alifikiri. Nilimwona akifikiri, alikuwa anapigapiga mgongo wa mtoto kwa vidole viwili. Alipopata jibu hakumpa mtu yeyote mle ndani, alilitua mbele yake tu, kama mtu anayeweka kitu mezani.

"Wa miaka kumi na moja anachunga mbuzi," akasema. "Anaitwa." Kisha akaniambia, "Nenda uulize baba yako."

Baba alikuwa ameliinua gurudumu, linazunguka mkononi mwake bila kuguswa. Alikuwa ameshasikia, bila shaka, lakini alinisubiri niseme.

"Mama anasema Hamisi."

Akaweka kiganja kwenye tairi, likasimama. Sikuwa nimewahi kuona uso wake ukiwa hauna kazi. "Nani alimuuliza?"

"Mimi."

"Mimi sikumuuliza," akasema. Akaugeukia ule ukuta wa udongo, akakohoa, na badala ya kunituma akasema mwenyewe, kwa sauti, akiutazama udongo kwa adabu yote: "Mama. Nimeridhia. Abaki Fadhimula, na awe Hamisi."

Mkwe hamsemeshi mama wa mke wake. Ndani alisikika mtoto tu. Nilikuwa tayari kukimbia. "Kobe," sauti ya Kukhu ikatoka, "mwambie baba yako..." Ikakatika. Nikangoja. "Basi, acha," akasema. "Amesikia nimesikia."

Ningependa kuandika kwamba jina lilipoitwa mtoto alinyamaza. Wasomaji wa rika langu wanapenda hivyo, nami napenda pia. Hakunyamaza. Alilia mpaka magharibi ikapita, akapokezanwa mikononi kama mchezo. Aliyenyamaza alikuwa Mama. Alikaa kwenye mkeka wa mama yake, akaegemea ukuta, na hapohapo katikati ya kelele zote usingizi ukamchukua, mdomo wazi, mikono imelala wazi pembeni. Nilikaa mbele yake nikamtazama muda mrefu. Alikuwa ametulia kama ziwa asubuhi.

Baadaye, sekondari, nilijifunza kwamba nyota haimbembelezi mtu. Nyota na sayari huvutana, kila moja inamzungusha mwenzake, ila mkubwa anasogea kidogo na mdogo anasogea sana. Nesi wa zahanati naye alieleza kwamba watoto wengine hulia hivyo tu, na wakifika miezi mitatu huacha, uite majina au usiite. Zimegunduliwa sayari nyingine nyingi za aina ile, na siku hizi zinapewa majina mazuri, nyingine kwa lugha za Waafrika wenzetu. Nimezipokea habari zote hizo kwa heshima. Hakuna hata moja iliyonishawishi kwamba siku ile niliangalia mahali pasipo sahihi, isipokuwa ule ufagio.

Siku mbili baadaye tulirudi Jinja, watu wanne, au watano, kutegemea nani anahesabu. Haboba alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujashuka. Mama alifika kwenye ngazi, mtoto kifuani, na hakupanda. Jua lilikuwa linamchoma, Baba alikuwa nyuma na mizigo, na mimi nilikuwa hoi kwa kutapika safarini, lakini hakupanda.

"Mama," akamwambia Haboba, "nimemrudisha Fadhimula. Na nimekuja na Hamisi."

Nikashika leso ya Mama. Haboba alimtazama mtoto, akamtazama Baba, na Baba akatikisa kichwa kukubali. Yule mwanamke wa jeshi akavuta ncha ya leso yake akajifuta pua.

"Sanda yake niliikata mimi," akasema. "Ilikuwa ndogo kama kitambaa cha mkononi. Nguo ikabaki nyingi, sikujua niifanyie nini."

Akashuka ngazi, jambo ambalo hakumfanyia mgeni yeyote, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mama na kumwingiza ndani kwa mlango. Kutoka msikitini ikasikika adhana ya alasiri, na mtoto, ambaye saa yake haikuharibika kwa safari, akafungua mdomo. Tukasikia Haboba akimzungusha ukumbini, visigino vyake vikipiga sakafu, na sauti yake ikiwa juu kuliko ya muadhini:

"Wewe Fadhimula! Wewe Hamisi! Basi mmoja wenu anyamaze, mwenzake apate kulala!"